Vikaratasi Thelathini na Tisa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Sindano alikuwa na kazi tatu. Kwanza alichemsha chai, kwa sababu mama yake hakutakiwa kukaa peke yake karibu na moto. Pili alifagia vipande vya vitambaa na nyuzi zilizozagaa chini ya cherehani. Tatu alisimama mbele ya mama, mikono kiunoni kama askari wa zamu, mpaka mama ameze dawa.

“Nimeshameza, afande,” mama alisema huku akifungua kinywa.

“Inua ulimi nione.”

“Hee! Nani kamzaa mwenzake humu ndani?”

Wakacheka wote wawili. Msichana huyo alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wenzake walimwita Sindano kwa sababu alikuwa mwembamba, mama yake alikuwa fundi cherehani katika karakana ya sare za shule, na ulimi wake ulichoma. Wasilolijua ni kwamba mama yake alikuwa na kifafa. Hata kazini kwa mama hawakujua. Siri hiyo ilikaa ndani ya vyumba vyao viwili, na Sindano aliilinda kuliko kitu chochote.

Ikafika siku ya wazazi kukagua madaftari. Mama alikuwa amesimama kati ya madawati, akitabasamu kwa alama za Hisabati za mwanawe, mara daftari likamponyoka. Akaanguka. Mwili ukakakamaa, kisha mikono na miguu ikaanza kutikisika, na povu likamtoka mdomoni. Watu walipiga kelele. Mzazi mmoja akaja mbio na kijiko.

“Weka hicho kijiko! Usimtie kitu mdomoni,” alisema mwalimu wa ushauri, mama mfupi mwenye sauti ya taratibu. Alisukuma madawati pembeni, akakunja sweta lake na kuliweka chini ya kichwa cha mgonjwa, kisha akatazama saa. Mtikisiko ulipopungua, alimgeuza ubavu. Sketi ya mama ilikuwa imelowa mkojo. Dirishani, wanafunzi walikuwa wamejipanga vichwa kwa vichwa. Walikuwa wameona kila kitu.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, Sindano alirudi darasani kutoka bombani akasikia kicheko kikubwa. Akapenya katikati ya kundi. Sakafuni alilala Redio, akirusha miguu na kutoa mapovu ya mate. Msichana mwingine alikuwa akimmwagia maji ya chupa kwenye sketi. Darasa zima lilishika mbavu.

Redio alikuwa rafiki yake tangu darasa la kwanza. Aliitwa Redio kwa sababu alizaliwa bila kitufe cha kuzimia. Alipoinua macho na kumwona Sindano, miguu ikatulia yenyewe.

Sindano hakupiga kelele, wala hakulia. Alienda kwenye dawati lake, akafungua kitabu, akakitazama kwa muda mrefu bila kugundua kwamba amekishika juu chini. Kichwani alikuwa na jambo moja tu: shuka.

Likizo iliyopita Redio alilala kwao siku mbili. Asubuhi ya pili aliamka amelowesha kitanda, akalia na kumshika Sindano mikono yote miwili. “Hunitokea mara kwa mara. Niapie hutamwambia mtu.” Sindano aliapa. Mama alilichukua shuka, akalifua na kulianika bila kuuliza neno. Mama yuleyule! Sasa Redio alimlipa kwa kumgeuza kichekesho.

“Utalia,” Sindano alisema kimoyomoyo. “Utalia mbele ya hao hao waliokuchekea.”

Mchana huo, mama akiwa bado kazini, alichukua mkasi mkubwa wa kukatia vitambaa na kukata karatasi za daftari vipande vidogo vilivyo sawa. Juu ya kila kimoja aliandika kwa mkono wa kushoto, ili mwandiko usijulikane: REDIO BADO ANAKOJOA KITANDANI. Mkono ulimuuma, lakini kila alipomaliza kimoja alisikia utamu kifuani. Aliwawazia wakisoma mmoja mmoja, kisha vichwa vyote vikigeuka. Darasa lilikuwa na wanafunzi arobaini. Aliandika vikaratasi thelathini na tisa, na kimoja kati ya hivyo kilikuwa cha Redio mwenyewe, ili naye asikose habari.

Jumatano aliitwa kwa mwalimu wa ushauri. Wanafunzi walisema kwamba anayeingia chumba kile ama ana kesi, ama akili zimeruka. Zamani kilikuwa stoo ya viti vibovu. Ndani Sindano alikuta viti vitatu vizima, pazia la kijani na saa ya ukutani. Hakukuwa na meza ya kuwatenganisha wala fimbo.

“Utakayoniambia yatabaki humu,” mwalimu alisema. “Ila nikiona wewe au mtu mwingine yuko hatarini, sitanyamaza. Hapo nitakuambia wewe kwanza. Sawa?”

“Sawa.”

“Nimesikia walichokifanya Jumatatu. Unajisikiaje?”

“Nataka alie,” Sindano alisema. “Alie mpaka kamasi zimtoke, watu wakimwona.”

Alitegemea kukemewa. Mwalimu akatikisa kichwa kukubali. “Una haki ya kukasirika. Ningekuwa mimi, ningekasirika. Na wewe umeshalia?”

“Sina muda wa kulia. Nina kazi.”

“Kazi gani?”

Sindano akazitaja: kupika, kukagua dawa, kusimama nje ya bafu mama akioga ili amsikie akianguka, kulala sikio likiwa wazi. Ndiyo maana alisinzia darasani. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho bila kuandika chochote.

“Wewe unamwangalia mama. Nani anakuangalia wewe?”

Sindano alivuta uzi uliochomoza kwenye sketi yake.

“Nitamwomba mama yako aje Ijumaa asubuhi,” mwalimu alisema. “Habari hii ni yake, kwa hiyo nizungumze naye kwanza. Kisha nitamwita huyo binti.”

“Huyo niachie mimi!” Sindano aliruka.

“Unataka kumfanya nini?”

Sindano akatazama pazia. Mwalimu akasema, “Mlango huu siufungi kwa ufunguo. Ukiwa tayari kuniambia, sukuma uingie.”

Sindano hakuusukuma. Yeye ndiye aliyekuwa akikusanya na kugawa madaftari ya Sayansi. Alhamisi, wenzake walipotoka, alifungua daftari moja baada ya jingine na kupachika vikaratasi vyake. Yangegawiwa Ijumaa, kipindi cha tatu. Alitembea kurudi nyumbani kama mtu anayekwenda sherehe.

Ijumaa mama alikuja, amevaa gauni lake zuri, macho yakitazama sakafu. Kipindi cha pili, Sindano aliitwa akae nao. Mwalimu aliuliza polepole, “Dada, dawa unazipata vizuri?”

Mama alifinyafinya mkoba wake. “Siku ya kliniki ni Jumanne, na Jumanne kazini ndiyo siku ya kukabidhi sare. Msimamizi hatoi ruhusa bila sababu, na sababu siwezi kumwambia. Kwa hiyo nimekuwa nikikata kidonge mara mbili, vidonge visiishe haraka.”

“Nusu?” Sindano aliuliza. “Mama, mimi nakukagua ulimi kila siku, kumbe unameza nusu!”

“Nisamehe, mwanangu.”

“Ndiyo maana ulianguka,” mwalimu alisema. “Dawa za kifafa hazipunguzwi bila daktari. Nitapiga simu kliniki leo tutafute siku nyingine. Nikipata ruhusa yako, nitakusindikiza kwa msimamizi. Bila ruhusa yako sitamwambia neno.”

Mama alipumua kwa nguvu. Ndipo mwalimu akamuuliza kama angependa siku moja kuwaeleza wanafunzi kuhusu ugonjwa wake.

“Niwaendee watoto walionicheka?” Mama aliuliza. “Nitawaambia nini? Waliona mpaka mkojo.” Akanyoosha mgongo. “Hata huo nitausema. Mwili ukilegea, kibofu nacho hulegea. Hakuna anayechagua. Kuna mtoto aliwahi kulala kwetu, ikamtokea usingizini. Nilitamani nimwambie hivyohivyo, kwamba mwili wake haujafanya kosa. Niliona aibu yake, nikanyamaza tu.”

Sindano alimjua mtoto huyo. Mama alikuwa akimtetea yuleyule aliyemwigiza. Na aibu aliyoiandika mara thelathini na tisa ilikuwa ileile ya mama yake pale sakafuni.

“Mama,” alisema, sauti ikikwaruza, “aliyekuigiza ni Redio. Huyo mtoto wa shuka.”

Mama aliziba mdomo kwa kiganja.

“Na mimi nimeandika siri yake. Iko kwenye madaftari yote ya Sayansi.”

Wote watatu wakaitazama saa. Kipindi cha tatu kilikuwa kimeanza dakika nne zilizopita. Sindano aliruka kwenda mlangoni, akaufungua, akasimama hapo hapo.

Redio alikuwa nje, amekumbatia rundo la madaftari mpaka kidevuni. Ngumi moja ilikuwa imefumbwa.

“Hukuwepo, mwalimu wa Sayansi akaniambia nigawe mimi,” alisema. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilikuwa ndogo. “Nilianza na daftari langu, nikakuta kikaratasi, na la pili vilevile. Nikakimbia na yote. Hakuna aliyeona.” Kisha midomo ikaanza kutetemeka. “Uliapa, Sindano! Uliapa!”

Akaangua kilio, na kamasi zikamtoka. Ndivyo hasa Sindano alivyotaka. Kwa kitambo kidogo alifurahi kweli. Alisikia utamu ule ukimjaa. Kisha Redio akamwona mama nyuma yake, akajaribu kuficha uso kwa madaftari.

“Shikamoo, mama,” alisema humo humo ndani ya madaftari.

“Marahaba. Ingia, mwanangu.” Mama alimpokea rundo. Hakutabasamu. “Ni kweli uliniigiza?”

“Ndiyo.”

“Kwa nini? Mimi nilikukosea nini?”

“Hukunikosea. Niliogopa,” Redio alisema kwa kwikwi. “Ulipoanguka nilidhani umekufa. Wakaanza kuniuliza, kwa sababu wanajua nakuja kwenu. Nikaona bora wacheke, nami nisionekane naogopa.”

“Umeniumiza sana,” mama alisema. “Sifichi.”

Redio akamgeukia Sindano. “Haya, sasa tumekuwa sawa?”

“Bado!” Sindano alijibu kwa ukali. “Siri yako hakuna aliyeisoma. Mama yangu walimcheka wote.”

“Hapa hatutapima nani kaumia zaidi,” mwalimu wa ushauri alisema. “Kila mmoja atatengeneza alichokiharibu. Sindano, toa vikaratasi vyako kimoja kimoja, uvihesabu kwa sauti, kisha uvichane. Redio, ulimwigiza mama huyu mbele ya darasa. Utamwomba radhi mbele ya darasa hilo hilo.”

Sindano alihesabu. Utamu wote ulikuwa umekwisha. Kila kikaratasi kilimchoma vidole. Alipofika thelathini na nane, rundo likaisha. Akayapekua tena madaftari, jasho likimtoka. Ndipo Redio akafumbua ngumi. Cha thelathini na tisa kilikuwa humo, kimelowa.

“Nisamehe,” Sindano alisema. Neno hilo lilimtoka kama mfupa, lakini lilitoka.

Mwalimu alimuuliza Redio kama nyumbani wanajua shida yake. “Wanajua. Baba anasema ni uvivu,” Redio alijibu.

“Si uvivu. Daktari anaweza kusaidia. Nitawaita wazazi wako, na wewe utakuwepo nikizungumza nao.”

Wiki iliyofuata mama alisimama mbele ya darasa. Aliwaeleza kwamba kifafa hakiambukizi, wala kwa mate wala kwa kuguswa. Aliwaonyesha la kufanya: ondoa vitu vigumu, weka kitu laini chini ya kichwa, usimkandamize, usimtie kitu mdomoni, mtikisiko ukiisha mlaze ubavu, ukizidi dakika tano, ita msaada wa hospitali haraka. Alipomaliza, kiti kimoja kililia. Redio akainuka, akaomba radhi bila mbwembwe zake za kawaida, na msichana mwenye chupa ya maji akainuka baada yake bila kuambiwa.

Kazini, mama alipomweleza akiwa na mwalimu, msimamizi aliguna kwanza, kisha akauliza, “Ukianguka hapa tufanye nini?” Alihamisha cherehani ya mama mbali na ngazi na pasi za moto. Kliniki ilimpa siku ya Jumamosi. Mama mdogo, aliyekuwa akikaa mtaa wa pili na kudhani kwamba dada yake hahitaji mtu, alianza kuja mara tatu kwa wiki. Sindano akaanza kulala usingizi wa mtoto.

Mwezi ulipokwisha, alisukuma mlango wa mwalimu wa ushauri bila kuitwa.

“Mwalimu, bado nina hasira naye.”

“Kiasi gani?”

Sindano alipima kwa vidole viwili. “Zamani ilijaa chumba.”

Mwalimu alicheka, kisha akawa makini. “Hasira haikuwa kosa lako, hata leo si kosa. Kosa ni kwamba ulichukua siri ya mtu aliyekuamini ukaifanya fimbo ya kumpigia. Mtu akikudhulumu, lipeleke kosa lake kwa anayeweza kulisimamisha. Aibu yake usiiguse. Na mzigo ukiwa mkubwa nyumbani, sema mapema. Hukuzaliwa kuubeba peke yako.”

Sindano alitoka nje. Redio alikuwa ameketi ngazini, daftari la Hisabati magotini. Tangu siku ile walikuwa wakisalimiana tu na kupitana.

“Umefanya swali la nne?” Redio aliuliza bila kuinua macho.

Sindano alipita. Akashuka ngazi moja, mbili, kisha akasimama.

“La nne ni gumu, na la tatu umelikosea,” alisema. “Sogea.”