Bastola Aliyoichagua Laban

Pini ilikuwa imechomoza.

Laban Bwire alisimama mbele ya sanduku la bati, ufunguo mkononi, saa sita mchana, jua la mtaa wa Mbotela likipenya dirishani hadi miguuni pa kitanda. Alikuwa konstebo katika kikosi cha nguo za kiraia; kazi yake ya usiku, usingizi wake wa mchana. Asubuhi ile, aliporejea, alikuwa amechomoa magazini ya bastola, akaivuta slaidi, kile chuma cha juu, akahakikisha kuwa chemba ya risasi ni tupu, akabonyeza kifyatulio mara moja hewani, kisha akaifungia sandukuni. Bastola ya namna ile haina nyundo ya nje ambayo mtu aweza kuiona imesimama au imelala. Siri yake yote imo tumboni. Ndiyo maana fundi aliyeiunda aliitia kisogoni pini ndogo, isiyozidi kichwa cha msumari. Ikikokiwa, yaani ikiwa tayari kufyatuka, pini huchomoza. Ikifyatuliwa, huzama. Na haikokiwi mpaka mkono wa mtu uivute slaidi.

"Ayuma," aliita taratibu. "Umefungua sanduku langu?"

Mkewe alikuwa kizingitini akikata sukuma wiki. "Mimi? Na ufunguo unalala nao shingoni kama rozari? Wacha mchezo, Baba Triza."

Laban hakucheka. Alihakikisha tena kuwa chemba ni tupu, akabonyeza kifyatulio, pini ikazama, akafunga tena.

Siku tisa nyuma, Munyao, mtunza silaha wa kituo, alikuwa amezilaza bastola mbili juu ya kitambaa chenye mafuta.

"Niaje, Bwire. Ndizo hizi zilizobaki. Mmoja mweusi, mwenzake mweusi zaidi. Chagua bibi upesi, sahihi ni leo."

Ya kwanza ilikuwa mpya. Kitako chake kilikuwa kinene kuliko kiganja cha Laban, kifyatulio kizito, chenye kukwaruza kama kina mchanga ndani. Na kisogo chake kilikuwa butu, hakina pini wala alama, imekokiwa au haikukokiwa, uso ni ule ule. Ya pili ilikuwa imetumika. Kifyatulio chake kilikubali kwa upole. Ilikuwa na pini. Na kitako chake kilizungushiwa ukanda wa mpira wa tyubu ya baiskeli, umekazwa kwa ustadi, ukajaa kiganja cha Laban kana kwamba alipimiwa.

"Hiyo ilikuwa ya Sajini Zedekiah," alisema Munyao, na masihara yakamtoka usoni. "Marehemu. Ukiikataa nitakuelewa. Lakini mali ya serikali haina matanga."

Kwao Busia, kitu cha marehemu hakiguswi kabla ya siku ya kunyoa. Watu wakishanyolewa nywele za msiba, wazee huketi wakatoa kimoja kimoja: koti kwa huyu, jembe kwa yule. Mtu hupokea alichopewa, hajiteulii. Laban aliyajua hayo tangu utotoni, na mkono wake ulisita juu ya kitambaa. Lakini nyumbani kwake kulikuwa na chumba kimoja na mtoto wa miaka minne, naye alitaka silaha itakayomwambia ukweli kila anapoitazama.

"Hii inasema iko vipi," alimwambia Munyao. "Ile nyingine ni kama mtu asiyepepesa macho."

Akatia sahihi.

Siku ya pili ilianza harufu. Haikuwa ya mafuta ya bunduki, ambayo Ayuma alikwisha kuizoea. Ilikuwa harufu ya mpira unaoungua, ikitoka chini ya kitanda wakati hakuna jiko lililowashwa. Siku ya tano Laban aligundua kwamba bastola aliyoilaza mtutu ukielekea ukutani ilikuwa imeugeuza mtutu. Aliirudisha. Kesho yake ilikuwa imegeuka tena. Aligeuza sanduku zima, akaliegemeza upande wa mlango. Alipofungua, mtutu ulikuwa umezunguka ndani ya giza la bati na kuelekea palepale, kwenye kigodoro cha Triza. Hakumwambia mkewe. Alihofu kwamba akilitamka, litasikia.

Kisha ikaja siku hii ya pini. Saa nane alijilaza, magazini ameiweka chini ya mto, ufunguo shingoni. Ayuma alikuwa uani akianua nguo, na Triza, aliyekuwa amerudi kutoka chekechea, alikuwa kigodoroni akimsuka mwanasesere. Usingizi ulikuwa bado haujamchukua Laban vizuri alipoisikia sauti ile ambayo masikio ya askari hayawezi kuidhania kitu kingine, sauti ya chuma kikirudishwa nyuma juu ya chuma na kuachiwa, kra-chaki, chini kabisa ya mgongo wake, ndani ya sanduku lililofungwa, naye akapapasa chini ya mto akakuta shuka tupu yenye joto, akateremka kwa magoti, akakosa tundu la kufuli mara mbili, akafungua, na harufu ya mpira ikampanda puani hadi machozi yakamtoka, na hapo chini, juu ya shati lake la sare, bastola ilikuwa imelala na magazini yake ndani, pini imechomoza kama ulimi, mtutu ukimpita yeye begani na kumwelekea mtoto, ambaye alikuwa ameinuka, ameacha mwanasesere, anakuja.

"Triza, simama!"

"Baba, anko ananiita."

"Anko gani?"

"Wa ndani ya sanduku. Anasema mkono wake una baridi. Anataka nimshike."

Laban alichomoa magazini, akaivuta slaidi. Risasi moja iliruka kutoka chembani, ikabingirika sakafuni hadi kwenye kidole cha mguu wa mwanawe.

Ayuma aliingia na nguo mkononi. Aliiona risasi, akamwona mumewe, akamnyakua mtoto. "Ni nini hiki?" Sauti yake ilikuwa ya chinichini, kama ya mtu aliye kando ya mgonjwa. "Laban. Ni nini hiki umeleta kwangu?"

"Ya marehemu Zedekiah. Sikungoja siku ya kunyoa."

"Na ukanyamaza? Ukala chakula changu ukanyamaza?"

"Bastola ni ya serikali, Mama Triza. Lakini huu mpira ni wake, aliufunga kwa mkono wake. Nikiupeleka kwa mjane, labda..."

"Peleka. Peleka sasa hivi. Sisi tutakaa kwa Wanza hapo jirani, na haturudi humu mpaka hiyo kitu itoke."

Laban aliukata mpira kwa wembe, akaufunga kwa gazeti, akaitia bastola tupu kiunoni, akatembea hadi mtaa wa Shauri Moyo. Nekesa, mjane wa Zedekiah, alikuwa mlangoni pake akikarabati suruali za mtumba kwa cherehani. Nywele zake zilikuwa zimeanza kuota upya juu ya kichwa kilichonyolewa.

"Habari ya mchana, mama. Nilifanya kazi na mzee. Nimekuletea kitu chake."

Alilifungua gazeti. Cherehani ilinyamaza.

"Funga," alisema Nekesa. "Funga, mwanangu, usiniwekee hapo."

"Si chake?"

"Aliukuta kwenye bastola alipoichukua. Akautoa, kesho akaukuta umejifunga. Akauchoma humu, kwa jiko langu, mara tatu, mpaka majirani wakalalamika moshi. Ukarudi." Aliufunika mdomo kwa kitambaa cha suruali, kisha akauliza polepole, "Hiyo bunduki ulipewa, au ulichagua?"

Laban alilikunja gazeti. "Ziliwekwa mbili. Nikachagua."

"Zedekiah naye alichagua." Macho ya mama yule yalikuwa makavu. "Waliandika ati alisahau risasi ndani akisafisha. Magazini ilikuwa hapa mezani, naitazama kwa macho yangu. Alikuwa ameishika hiyo kitu, jasho linamtoka, akaniambia, 'Nekesa, mtoe mtoto nje.' Tu. Nilikuwa sijavuka hiki kizingiti ikalia, akaanguka."

"Nifanye nini, mama?"

"Mimi ningejua," alisema, "ningekuwa na mume."

Laban aliutupa mpira katika shimo la maji taka, akaenda kituoni mbio mbio, miguu ikimwuma, akimwomba Mungu wa mama yake na wa baba yake. Njiani akili yake iliyochoka ilikuwa imekamata jambo moja, nalo alilishika kama mtu anayezama: akipewa, hatakuwa amechagua. Munyao alikuwa akifunga milango ya ghala.

"Ichukue hii. Nipe yoyote nyingine. Usiniulize, usinionyeshe. Nipe wewe, kwa mkono wako."

"Maze, Bwire, uko sawa? Umekuwa kama karatasi."

"Nipe, Munyao. Tafadhali."

Munyao aliipokea ya zamani, akaitazama kitakoni palipobaki alama ya mpira, akaleta ile mpya yenye kisogo butu. Lakini alipokuwa akimsukumia daftari alicheka kidogo, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka kumchangamsha mwenzake.

"Ati nikupe. Si zilikuwa mbili tu? Ukikataa ile, hii umeichagua."

Kalamu ilikuwa imekwisha kugusa karatasi.

Saa kumi na mbili, jua bado likiwa juu ya mabati, alifungua mlango wa nyumba yake. Chumba hakikuwa na harufu ila ya sabuni. Ayuma alichungulia kutoka kwa Wanza, akamwona, akavuka ua na mtoto mkononi. "Imeenda?" alinong'ona, na Laban akatikisa kichwa kukubali, kwani kweli ile ya zamani ilikuwa imeenda, na magazini ya hii mpya alikuwa ameiacha kwa makusudi kwa Munyao, na alitaka mkewe aingie na kuketi na kupumua. Wakaingia. Laban alipitisha mkono chini ya koti ili aichomoe bastola kiunoni, na vidole vyake, badala ya plastiki nene iliyomkataa kwa Munyao, vilikuta kitako kilichojaa kiganja sawasawa, laini, chenye mshiko wa mpira, chenye uvuguvugu wa kitu chenye damu.

Akaitoa polepole. Ukanda ulikuwa umezungushwa kwa ustadi, umekazwa, hauna alama ya wembe. Kwenye tundu la kitako, ambamo hakutia kitu, ilikaa magazini. Alitazama kisogoni kwa mazoea, akitafuta pini, akitafuta neno moja tu la kumwambia iko vipi. Pakawa butu, pakavu, kimya. Alitaka kuielekeza ukutani. Kiwiko chake hakikumtii. Alitaka kuiachia iangukie sakafu, na vidole vyake vikabana zaidi, na mtutu ukaanza kugeuka, pole, pole, kama kichwa cha mtu aliyeitwa jina.

"Ayuma," alisema, "mtoe mtoto nje."

Maneno yalipomtoka aliyatambua, akajua ni nani aliyeyasema kabla yake. Ayuma aligeuka. Alimbeba Triza, akakimbilia mlango, na mtoto akawa anatazama nyuma juu ya bega la mamake, anatabasamu, anapunga mkono kwa mtu.

"Baba," alisema, "anko anasema mkono wake umepata joto."