Fundi Bomba Aliyevuja

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Spana alimpelekea baba yake kikombe cha chai na kidonge cha kuzuia damu isigande. Jina hilo la Spana alilipata chini ya masinki ya watu, akimpokeza baba vifaa. Baba alikuwa fundi bomba. Mguu wake uliwahi kuvimba kwa damu iliyoganda, ndipo akaandikiwa kidonge hicho.

Mgongo nao ukaanza kumsumbua. Akamtuma Spana duka la dawa kununua vidonge vya maumivu, akawa anavimeza kama karanga.

"Mama yako asijue," alisema. "Atanihutubia mpaka maji yakauke bombani. Siri ya kazi haitoki kazini, sawa msaidizi?"

"Sawa, fundi."

Jumamosi moja baba alikuwa anakaza nati jikoni kwao. Ghafla akaketi sakafuni, uso umempauka kama majivu. Hakuanguka wala hakujigonga, lakini ubavu ulikuwa umevimba na kuwa mgumu.

Hospitalini walimpiga picha ya tumbo. Daktari wa mishipa akaja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu.

"Mshipa unavuja ndani," alisema. "Damu inajikusanya tumboni."

"Mbona hana hata mchubuko?" mama aliuliza.

"Mshipa unaweza kupasuka wenyewe, hasa kwa mtu anayemeza dawa ya kuzuia damu isigande. Kuna nyingine anayotumia?"

"Hakuna," mama alijibu. Baba akafumba macho.

Spana alisimama ukutani. Hakulia, hakutetemeka. Mwili mzima ulikuwa kama shavu lililochomwa sindano ya ganzi. Alitazama kandambili za muuguzi, moja kamba yake imeunganishwa kwa bendeji. Akawaza, hata kandambili zinatibiwa hapa. Hakucheka.

"Ipo," alisema. Sauti ilimtoka kavu, kama ya mtu mwingine. "Ya mgongo. Nanunua mimi. Leo amemeza viwili kabla ya chai."

Mama aligeuka, akamtazama baba.

"Dawa hizo mbili hazikai nyumba moja," daktari alisema. "Zikikutana, damu inasahau kuganda. Tungekuwa tunaziba huku, inafumuka kule." Akamwagiza muuguzi alete dawa ya kuirudishia damu nguvu ya kuganda, na damu ya kuongeza.

Baba alifumbua jicho moja. "Mnanipasua?"

"Hapana. Natoboa tundu dogo juu ya paja, napitisha mrija mwembamba ndani ya mshipa, nautazama kwenye skrini mpaka ufike kwenye tawi linalovuja. Hapo naacha viwaya vidogo vinavyojikunja. Tawi linaziba."

"Unaziba bila kubomoa ukuta?"

"Bila kubomoa."

"Na matawi mengine?"

"Yanaendelea na kazi."

Baba akafikiri kifundi. "Haya. Ila usiniachie matope sakafuni."

Wakamsukuma akiwa juu ya kitanda hadi chumba cha matibabu, mlango ukajifunga. Spana na mama walikaa kwenye benchi. Mama alimpa maji, akanywa, hayakuwa na baridi wala joto. Alijiuliza kama amemsaliti baba, na hata swali hilo halikumuuma. Lilikaa tu, kama mgeni asiyeaga.

Daktari alipotoka alikuwa anavua glovu. "Pameziba. Presha iliyokuwa imeshuka imerudi sawa, na anauliza nani amechukua spana zake."

Wodini baba alimtazama bintiye. "Umetoboa siri ya kazi."

"Nifukuze, basi."

"Halafu nani anipokeze vifaa?" Akashusha sauti. "Kosa ni langu, mwanangu. Nilikutwisha mzigo wa mtu mzima."

Mama akavuta kiti. "Wewe fundi, bomba likivuja ndani ya ukuta, anayekuficha habari hiyo anakusaidia?"

"Anayaachia maji nyumba."

"Basi sikieni wote wawili. Dawa haimezwi kwa siri, na daktari hafichwi kitu. Siri inayoweza kuua mtu haina haki ya kutunzwa, hata kama mwenyewe ndiye anayekuomba."

Baba akanyoosha mkono, akashika wa Spana. Mkono wa baba ulikuwa na mikwaruzo ya koleo na joto la homa kidogo. Spana aliuhisi, kidole kimoja kimoja, na hapo ndipo machozi yakaanza kumtoka.

"Haya sasa," baba alinong'ona, "na wewe umeanza kuvuja."