Vidole Viwili Mezani kwa Mama

“Umenigongea meza?”

Bi Mbeyu alisimama na birika mkononi. Chai aliyoimimina ilikuwa bado inafuka kwenye kikombe cha mgeni.

“Hapana, mama…”

“Nimekuona! Nakumiminia chai, wewe wagonga meza, ko ko, vidole viwili, kama mtu anayemharakisha mhudumu hotelini. Hapa Utange, nyumbani kwangu, siku umekuja kujitambulisha!”

Kahaso alimgeukia mchumba wake. Absalom, kijana wa Vihiga, mpole wa siku zote, alikuwa ameloa jasho shati zima.

“Absalom, mbona umegonga?”

“Ni mazoea tu.”

“Mazoea ya wapi?”

“Ya kazini.”

“Kumbe!” Bi Mbeyu akalitua birika kwa kishindo. “Huko bandarini makarani hugongeana meza wakipewa chai?”

Absalom akavificha vile vidole viwili chini ya meza.

“Kahaso, msindikize mgeni wako. Binti yangu simtoi kwa mtu anayenifanya mtumishi.”

Barabarani, Kahaso hakungoja wafike mbali.

“Miezi minane, Absalom. Tumekula mbaazi na mahamri Kisauni yote. Tumekula viazi karai Likoni mpaka muuzaji akatujua majina. Samaki wa Mtongwe je? Nimekujua kwa kula na wewe, na sijakuona hata siku moja ukigonga meza.”

“Vibandani kila mtu hujimiminia chai yake.”

“Ndiyo nini hiyo?”

“Nitakueleza. Nipe muda.”

“Muda wa kugawa sina. Una mwanamke mwingine?”

“Haki ya Mungu, sina!”

“Basi unaficha nini? Hadi kesho. Ukinyamaza, pete yako utaichukua kwa mlinzi wa geti la ofisi yetu.”

Kahaso akageuka na kurudi nyumbani bila kuangalia nyuma.

Asubuhi simu yake ikalia. Ujumbe: “Mimi si karani. Sijawahi kuwa. Njoo Changamwe, nyuma ya gereji za malori, uulize kwa Mama Lan. Njoo na njaa.”

Akajibu: “Nakuja. Lakini njaa yangu si ya chakula.”

Kwa Mama Lan palikuwa banda la mabati lenye meza za duara na mvuke mzito kama wa bafuni. Madereva wa malori, wapakiaji na kina mama wa viwandani walibanana bega kwa bega. Mwenye mkahawa, mwanamke wa Kichina kutoka Kantoni, alimshika Kahaso mkono akamkalisha katikati ya watu asiowajua.

“Sogea, dada,” alisema mpakiaji mmoja aliyeitwa Ruwa. “Hapa hakuna meza ya mtu. Penye nafasi ndipo pako.”

Ruwa akammiminia jirani yake chai ya rangi. Yule jirani, mashavu yamejaa, akagonga meza kwa vidole viwili. Ko ko.

Kahaso akamgeukia Ruwa.

“Kaka, huyo amekugongea nini?”

“Ananishukuru. Ndivyo wafanyavyo kwao Kantoni, Mama Lan alikuja nayo. Ukimiminiwa chai nawe unatafuna, vidole ndivyo vinavyosema asante. Wewe mgeni, eh? Agiza vifurushi vya kamba wa baharini, vya unga uliopikwa kwa mvuke. Kapu zima kwa bei ambayo mjini hupati hata nusu sahani ya pilau.”

“Anapika nani?”

“Absalom. Huyo ndiye fundi wa mvuke.”

Fundi akatokea akiwa na aproni, mikono myeupe kwa unga, kapu dogo la mianzi kiganjani. Akaliweka mbele yake.

“Siku ile ya kwanza, kwenye yadi ya bandari, ulinikuta na pasi ya geti shingoni,” alianza, sauti chini. “Ukaniuliza, ‘Wewe ni karani wa mizigo?’ Nikasema naam. Kumbe nilikuwa nimewapelekea mafundi wa Kichina chakula chao.”

“Kwa nini usiseme?”

“Kwetu mwanamume anayepika huchekwa. Baba aliposikia, aliacha hata kunitaja.”

“Kwa hiyo uliponiona, uliona baba yako?”

Ruwa akapaliwa na chai.

“Niliogopa, Kahaso.”

Kahaso akafunua kapu. Vifurushi vinne, unga mwembamba hata rangi ya kamba ikionekana ndani, mikunjo imepangwa kama marinda ya gauni la harusi. Akala kimoja. Akala cha pili.

“Umekunja wewe?”

“Vyote.”

“Na miezi minane wanilisha viazi karai!”

Meza nzima ikaangua kicheko. Yeye hakucheka.

“Nisikilize. Upishi haujaniudhi. Kilichoniudhi ni kunipangia nitakachofikiri kabla sijafikiri. Sasa toa simu. Mpigie mama. Wewe, si mimi. Na weka sauti, tusikie sote.”

Absalom akafuta mikono, akapiga.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Leo wagonga nini?”

“Nimepiga kuomba radhi. Mimi si karani wa bandari, ni mpishi. Nilidanganya. Kule kugonga, huku kwetu kazini ni kusema asante ukimiminiwa chai.”



“Asante ya vidole? Mdomo ulikuwa na nini?”

“Ulikuwa na uongo, mama.”

Bi Mbeyu akakohoa.

“Mpishi kabisa? Wa kupika?”

“Ndiyo, mama.”

“Na binti yangu hata unga wa chapati humshinda! Jumapili uje ujitambulishe upya. Jina, ukoo na kazi, vyote vya kweli. Na siku ya harusi nisikuone jikoni. Bwana harusi hunuka marashi, hanuki vitunguu.”

“Harusi? Umekubali, mama?”

“Mimi nimesema nisikuone jikoni. Mengine muulize mwenye kuolewa.”

Simu ikakatika. Absalom akamgeukia Kahaso. Madereva wakaacha kutafuna. Mama Lan naye akasimama na birika lake.

Kahaso alikuwa na kifurushi cha mwisho kinywani. Akainua kidole kimoja: ngojeni. Akatafuna bila haraka, akameza, akajifuta midomo.

“Mpishi nimemkubali,” alisema. “Yule karani mwambie nimemwacha.”