Kituo cha Mwisho Nyumbani kwa Mzee Haloo

Mama Pindo alikuwa na desturi yake. Alishona kwanza, akanywa chai baadaye. Alisema mkono wa asubuhi haudanganyi mshono. Jina hilo la Pindo alipewa na wateja. Pindo aliloshona halikufumuka kamwe, hata suruali ichakae mpaka iwe dekio.

Mumewe watu wote walimwita Mzee Haloo, naye akakubali. Kwa miaka thelathini alikuwa opereta wa simu, enzi zile za kuunganisha simu kwa kuchomeka waya kwa mkono. Alistaafu, lakini lile neno halikustaafu naye.

"Haloo, mke wangu," alisema asubuhi ile, akiwa ameshika kikombe.

"Haloo yako nimeisikia. Sogeza hiyo chai, isije ikamwagikia sare za watoto wa watu."

Mezani palikuwa na rundo la sare za bluu. Zilikuwa za shule ya msingi iliyo nyuma ya barabara. Pembeni palikuwa na kompyuta. Mama Pindo aliweka humo vipimo vya wateja wake. Ila kwa wiki tatu mumewe alikuwa haondoki mbele yake. Anaitazama, anatabasamu.

"Unacheka na nani humo?"

"Naunganisha watu."

"Watu gani?"

"Siwajui. Ndiyo raha yake."

"Makubwa! Mzee mzima anachekeana na asiowajua. Haya."

Hodi ikabishwa mlangoni.

"Haloo, karibuni!" Mzee Haloo akaitikia.

Waliingia askari wawili, mwanamke na mwanamume. Hawakucheka. Askari wa kike alifungua karatasi.

"Mzee, jana mchana shule ya hapo nyuma ilipata ujumbe. Ujumbe huo unasema shule itachomwa moto, watoto wakiwa ndani. Tumefuatilia. Ujumbe umetoka kwenye laini ya intaneti ya nyumba hii."

Mama Pindo alikuwa ameshika kaptula ya mtoto wa darasa la kwanza. Kiuno chake hakikuzidi shubiri mbili. Aliitazama ile kaptula. Kisha akamtazama mumewe. Akaitazama mikono yake. Kwa mara ya kwanza tangu aolewe, alijiuliza mikono ile inaweza kufanya nini.

Wazo hilo halikukaa. Lilipita upesi kama uzi unavyopita tundu la sindano. Lakini lilimchoma.

"Si mimi," Mzee Haloo alisema. Sauti ilikuwa imemtoka nusu. "Wallahi, si mimi."

"Tutaichukua kompyuta. Na wewe mzee, saa nane mchana uje kituoni. Usisafiri."

Askari wa kiume alivuta nyaya. Kopo la pini likaanguka, pini zikatawanyika sakafuni. Yeye alizipita. Askari wa kike alichuchumaa, akaziokota moja moja.

"Hapa wanakuja watoto kupimwa," alisema taratibu, kama anayejisemea. Akalirudisha kopo mezani.

Katika mshtuko wote ule, Mama Pindo aliliona jambo hilo. Akaliweka moyoni.

Walipoondoka, alifunga mlango, akaketi.

"Sema."

"Si mimi, mama."

"Najua si wewe. Nauliza ni nani."

"Simjui."

"Umemwingiza mtu nyumbani mwangu, amtishie mtoto ninayemshonea kaptula, na humjui?"

Machozi yalimlengalenga Mzee Haloo. Mama Pindo alimpigia simu mpwa wake, mtoto wa dada yake mkubwa. Binti huyo alikuwa fundi wa mitambo katika kampuni ya intaneti. Alifika upesi, na mkoba wa vifaa begani.

"Shikamoo mama mdogo. Shikamoo baba mdogo. Haya, nielezeni bila kuruka hatua."

"Marahaba," Mzee Haloo akasema. "Nilisoma kwamba kuna mtandao wa kuficha nyayo. Waandishi wa habari wanautumia. Wagonjwa wenye haya ya kuuliza wanautumia. Hata wanawake wanaokimbia kipigo. Unaendeshwa na watu wa kujitolea, dunia nzima. Kila mmoja kompyuta yake ni kituo. Anapokea mzigo wa mwenzake na kuupitisha bila kuuchungulia. Nikasema, hiyo si ndiyo kazi yangu? Nikaweka kituo."

"Mtandao huo ninaujua," mpwa alisema. "Si kitu kibaya. Kibaya ni namna ulivyouweka. Mama mdogo, nipe kifungo kimoja na vipande vitatu vya kitambaa."

Alikifunga kifungo kwa kipande cha kwanza, akazungushia cha pili, kisha cha tatu.

"Kifungo hiki ni ujumbe. Kituo cha kwanza kinafungua kitambaa cha juu. Kinamjua aliyetuma, lakini hakijui unakwenda wapi. Kituo cha katikati kinafungua cha pili. Hakimjui mtumaji, hakimjui mpokeaji. Kituo cha mwisho kinafungua kitambaa cha mwisho na kufikisha kifungo. Sasa mama mdogo, mpokeaji anauona mkono wa nani?"

"Wa mwisho," alisema Mama Pindo.

"Baba mdogo, uliposajili kituo chako, ulichagua kuwa wa ngapi?"

Mzee Haloo alikigusa kile kifungo.

"Wa mwisho."

"Yarabi! Kwa nini?"

Mzee Haloo alitazama viganja vyake. "Enzi zetu, opereta wa mwisho ndiye aliyepiga kengele kwa mwenye nyumba. Ilikuwa kazi ya heshima. Niliingoja miaka kumi na mmoja."

"Na simu ya matusi ikipita mkononi mwako?"

"Nani amlaumu opereta? Walijua ni kazi. Tulikuwa na sare."

"Huku huna sare, baba mdogo. Aliyepata ujumbe ule haoni opereta. Anaona namba ya laini ya nyumba yako, basi."

Mama Pindo alizitazama sare za bluu. Hasira ilikuwa bado ipo. Lakini sasa alimwona mumewe vizuri: mzee aliyetaka kupiga kengele tena, walau mara moja. Akamsogezea kikombe cha chai. Chai ilikuwa imepoa. Mzee aliinywa hivyo hivyo.

"Atafungwa?" Mama Pindo aliuliza.

"Tusubiri. Kuna jambo la kumsaidia. Vituo vya mwisho huwekwa kwenye orodha ya wazi, pamoja na tarehe. Yeyote anaweza kuisoma. Twende tukawaonyeshe kwamba jana namba hii ilikuwa kituo cha kupitishia mizigo ya watu."

Saa nane walikuwa kituoni, wote watatu. Askari wa kike aliisoma orodha mara mbili. Akauliza maswali mengi. Mzee Haloo alijibu yote, hata yaliyomwaibisha.

"Ina maana huwezi kutuambia ni nani aliyeandika?"

"Siwezi, binti yangu. Ningeweza, ningekwambia kabla hujakaa."

"Basi tutamtafuta kwa njia nyingine. Mzee, rudi nyumbani. Ila kompyuta itabaki kwanza."

Ilibaki siku tisa. Shule iliwekewa ulinzi. Hakuna kilichoungua. Watoto walikuja kujaribu sare zao, wakicheka, wakikanyagana. Kila alipompima mmoja, Mama Pindo aliikumbuka ile karatasi ya askari.

Kompyuta iliporudi, alisema, "Mchezo huu uishe leo."

"Una haki, mama mdogo," mpwa alisema. "Ukitaka uishe, uishe. Lakini unaweza kufanywa kwa usalama. Nieleze, kisha uamue wewe."

"Eleza. Kuuliza si ujinga, na kusikiliza je?"

"Kwanza ni sheria. Kuna nchi mtandao huu ni ruksa, na kuna nchi ni kosa. Nimeulizia, kwetu ni ruksa. Pili, kampuni ya intaneti ipewe taarifa, tena kwa barua. Tatu, kituo cha mwisho hakikai nyumbani kwa mtu. Kinawekwa na taasisi, kwa mashine na namba zake yenyewe, ikiwa na mwanasheria wa kujibu lawama. Nyumbani tunaweza kukaa katikati. Wa katikati anapokea kutoka kituo kimoja na kupeleka kituo kingine. Namba yake haifiki kwa mpokeaji."

"Vipimo vya wateja wangu?"

"Ndiyo maana hatutumii kompyuta yako. Nina mashine kuukuu. Hiyo itafanya kazi hii tu, na kwa laini yake. Tovuti nyingine hukataa namba yoyote ya mtandao huu, hata ya katikati. Hatutaki siku moja benki ikufungie mlango. Na baba mdogo, programu lazima ipate marekebisho kila yanapotoka. Wala usijaribu kuchungulia kinachopita."

"Sijachungulia miaka thelathini, nianze leo?" Kisha akashusha sauti. "Ila wa katikati hapigi kengele."

Mama Pindo alikata uzi kwa meno.

"Pindo nalo halionekani, baba. Lakini lilegee, uone."

Mzee Haloo alimgeukia mkewe. Akacheka, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Basi kaa katikati," Mama Pindo akasema. "Lakini kila kitu nikijue. Wema usizidi uwezo, na usifichwe mwenye nyumba."

Miezi miwili ikapita. Siku moja mchana, hodi ikabishwa. Alikuwa yule askari wa kike, peke yake, na suruali mkononi. Mama Pindo alishtuka mpaka mkasi ukamtoka.

"Usiogope, mama. Pindo tu limefumuka."

Alikaa. Alitazama sakafu kana kwamba anatafuta pini nyingine. Mwishowe akasema, "Mama, nina mdogo wangu. Mumewe anampiga. Anamkagua simu kila jioni. Anataka kuuliza ushauri kwa watu wa msaada, lakini anaogopa. Ule mtandao wenu, anaweza kuutumia?"

Mzee Haloo akafungua mdomo. Mama Pindo akamwinulia kidole. Jibu hili alitaka kulitoa mwenyewe; mpwa alikuwa amemfundisha yote.

"Anaweza. Lakini asitumie simu ile inayokaguliwa. Mtandao unaficha njia, haufichi simu. Atumie kompyuta isiyofikiwa na mume, kwako kwa mfano. Kivinjari cha mtandao huo, ile programu ya kufungulia kurasa, akichukue kwa watengenezaji wenyewe, si kwa kutumiwa na mtu. Asiingie humo kwa barua pepe yake ya kawaida wala jina lake. Ukivaa barakoa kisha ukajitaja jina, umeficha nini?"

Askari alitabasamu kidogo.

"Na akiandika," Mama Pindo akaendelea, "asiweke picha ya nyumba, wala jambo linalojulikana kwake na mumewe tu. Faili asilolijua asilifungue. Na mambo yakizidi asisubiri kompyuta. Akimbilie kwako."

Pindo likaisha. Askari alisimama, akamgeukia Mzee Haloo.

"Haloo, mzee. Asante."

"Haloo, binti. Salamu kwa mdogo wako. Simjui, lakini salamu."

Jumatatu iliyofuata askari alipita mbio dirishani. Hakuingia. Alisema tu, "Amejibiwa, mama. Yuko kwangu, na watoto," akaenda zake.

Mama Pindo alibaki na sindano hewani. Pembeni, taa ya mashine kuukuu iliwaka na kuzima, ikawaka na kuzima. Mzee Haloo alikuwa anaitazama, anatabasamu.

"Unacheka na nani?"

"Simjui."

Mama Pindo alishusha sindano kwenye kitambaa.

"Basi muunganishe," alisema.