Kidani cha Wifi Yangu

Wifi yangu Ciku alikwenda Muscat na viatu vya kisigino kirefu. Balaa lilianzia hapo, na sina namna ya kulieleza kwa heshima zaidi.

Salesio, mumewe, ni mdogo wangu. Huuza parachichi kutoka huku kwetu Muthara, na mwaka jana wanunuzi wake wa Omani walimwalika akaone maghala yao. Akamchukua mkewe. Mkewe naye akataka niende. Si kwa mapenzi. Nimefundisha Kiswahili mpaka nikastaafu, na alikuwa ameambiwa kwamba Muscat kuna wazee wengi wenye asili ya Unguja. Alihitaji mkalimani. Alihitaji pia mtu wa kumbebea mifuko.

Jioni moja miguu ikamshinda. Tukaingia soko la Matrah kutafuta kandambili. Kandambili tu. Jua lilikuwa linazama, na vile vichochoro vyenye paa vilifuka ubani hadi macho yakawasha. Adhana ikaanza. Milango ya maduka ikashushwa mmoja baada ya mwingine... kraa... kraa... na wenye maduka wakaenda kusali. Nikamwambia turudi hotelini. Aliniangalia kama anavyomwangalia mfanyakazi aliyemwaga maziwa.

"Ile moja iko wazi," akasema.

Kweli ilikuwa wazi. Duka finyu, taa moja, mwanamke mzee ameketi mkekani. Kandambili hazikuwepo. Ndani ya kabati la kioo kulikuwa na kitu kimoja: kidani. Mkufu mzito wa dhahabu iliyoiva, na katikati yake kikasha chenye urefu wa kidole, kimenakshiwa pande zote, ncha zake zimezibwa kwa nta. Hirizi ya dhahabu. Mtoto wa shule ya msingi angeitambua. Lakini Ciku, mwenyekiti wa akina mama kanisani, aliona pambo.

"Hii ni pesa ngapi?"

"Hiki hakiuzwi, mwanangu," mzee akajibu taratibu, kwa Kiswahili safi cha Unguja. "Hiki chatunzwa."

"Kila kitu inauzwa. Mwalimu, mwambie aache maringo. Mwenyewe ni nani?"

Nikauliza kwa adabu mwenye kidani yuko wapi.

Mzee akakitazama kile kikasha.

"Yumo," akasema.

Hakusema yuko. Hakusema yupo. Nimewafundisha watoto tofauti ya maneno hayo maisha yangu yote. Yumo ni ndani.

"Anasema nini?" Ciku akanisukuma kwa kiwiko.

"Anasema tuondoke."

"Atauza. Hawa watu wanapenda kubembelezwa." Akafungua mkoba na kumwaga noti kwenye mkeka, kama mtu anayewatupia kuku mahindi.

Mzee hakuzigusa. Aliinuka akamsogelea Ciku. Kisha akamnong'oneza, si mimi, yeye: "Utamlisha?"

Ciku akacheka. Kicheko chake mwakijua nyinyi mliowahi kukaa karibu na watu waliopata mali juzi. "Nitalisha! Nyumbani nalisha ng'ombe, nalisha mbwa, nalisha ndugu za bwana yangu. Nitashindwa na huyo?"

Mzee akafungua kabati. Akamvika Ciku kidani shingoni kwa mikono yake mwenyewe, kisha akashusha pumzi kama mwanamke aliyetua mzigo wa kuni. Tulipofika mwisho wa kichochoro niligeuka.

Mlango ulikuwa umeshushwa.

*

Tuliporudi Muthara alikivaa kila mahali. Alikivaa sokoni. Alikivaa akikagua parachichi. Jumapili alikivaa juu ya kitambaa cha shingoni cha akina mama, hirizi ikining'inia mbele ya madhabahu, na mchungaji akamsifu mimbarini kwa jinsi Bwana alivyoibariki nyumba ile. Mimi nilikaa nyuma nikitazama dari. Kuna ujinga ambao mtu hawezi kuukemea bila kuonekana ana wivu.

Kisha ikaja ile jioni ya sufuria.

Nilikuwa nimetumwa na kikundi chetu nikamwombe sufuria kubwa. Geti lilikuwa wazi. Nyumba nzima ya mawe, na hakuna taa hata moja. Harufu ya ubani ilinipokea mlangoni... Sisi huku hatufukizi ubani. Nikaifuata hadi jikoni.

Ciku alikuwa amesimama akinipa mgongo. Mezani hapakuwa na chakula. Alikuwa ameinamisha kichwa, kidevu kikigusa kile kikasha, akinong'ona kwa Kiembu, lugha ya kwao. Namfahamu Mwembu akisema pole pole. Hakuwa anaomba. Hakuwa anaongea kwa simu. Alikuwa anataja vitu. Jembe. Mvua. Shangazi. Ndizi. Neno moja, kimya kidogo. Neno jingine, kimya.

Na katika kila kimya, ndani ya kikasha...

Kra. Kra.

Kama ukucha wa kidole kidogo ukikwaruza bati.

"Ciku," nikaita.

Akageuka. Akatabasamu. Sikuwahi kuliona tabasamu lile usoni pake.

"Karibu, Mwalimu. Kaa kitako nikupe kahawa."

Kaa kitako! Mwanamke wa Kanja, huko kwa Waembu, ambaye tangu aolewe kwetu hajawahi kusema "kiti hiki", kila siku "kiti hii". Kahawa aliimimina kwa mikono miwili. Ilikuwa na tangawizi na iliki. Sikuinywa.

Baada ya hapo yule Ciku wetu akaanza kupungua. Sina neno jingine. Mwili haukupungua, alinenepa hata. Kelele zilipungua. Matusi kwa wafanyakazi yakaisha. Siku moja mama yake, Ciakuthii, alipiga simu kutoka Kanja nikiwa pale. Ciku akaisikiliza, uso umekunjamana, kisha akanipa.

"Huyu bibi asemaje?" akaniuliza kwa sauti ya chini. "Simwelewi lugha."

Mama yake alikuwa anamwita kwa jina lake la utotoni.

Nilimwendea Suleiman, mwenye bucha pale Laare, mtu wa makamo ambaye nyanya yake alitoka pwani. Nilimleta nyumbani kwa Salesio kwa kisingizio cha kununua mbuzi. Ciku alitusalimia barazani. Suleiman akajibu, wakazungumza maneno machache ya heshima. Nikaona macho ya Suleiman yakishuka hadi kwenye kikasha na kubaki hapo. Aliaga haraka. Tulipofika barabarani, paji lake lilikuwa limelowa jasho.

"Nyanya yangu aliongea vile," akanong'ona. "Wazee wa zamani. Siku hizi hata huko pwani huwezi kusikia maneno kama hayo."

"Na ile hirizi?"

"Hirizi inazibwa nta, Mwalimu, kilicho ndani kisitoke. Hukuona? Upande mmoja nta imetoka."

"Nani ameitoa?"

Akatazama nyuma, kwenye geti.

"Imesukumwa kutoka ndani."

Hakutaka kuja tena. Hata yule mbuzi hakumtaka.

Jioni hiyo hiyo nilimweleza mdogo wangu kila kitu. Yumo, nta, ile minong'ono. Salesio alikuwa mezani anakula pilau. Pilau! Kwetu tunakula githeri, mahindi na maharagwe, na kushukuru. Alinisikiliza mpaka mwisho, akipangusa midomo kwa kitambaa alichotandikiwa mapajani.

"Unataka nifanye nini?"

"Tukirudishe Muscat. Tumtafute yule mzee."

"Halafu?"

"Halafu mkeo arudi!"

Alitafuna. Akameza.

"Gladwell," akasema, bila aibu yoyote, "tangu nioe, hii ndiyo mara ya kwanza nakula nyumbani kwangu bila kutukanwa. Nani amekuambia namtaka yule arudi?"

Nimeona wanaume wengi wadogo. Huyu nimemlea mimi mwenyewe, nimembeba mgongoni, na sikujua kwamba alikuwa mdogo kiasi kile. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi nusu. Kwenye giza lake alisimama mwanamke mwenye sinia, anasubiri tumalize.

Anasikiliza.

*

Nikampigia simu Ciakuthii. Nilijiambia mama hatakubali. Mama atapigana.

Alikuja, mwanamke mwembamba wa sweta la kijani, akaushika uso wa bintiye kwa viganja vyote viwili. Akamwita kwa Kiembu. Akamwita tena. Ciku akamfuta machozi kwa ncha ya leso, akambusu mkono. Mama akaishika ile hirizi, akajaribu kuivua. Kifungo hakikuonekana. Mkufu ulizunguka shingo bila mwanzo wala mwisho.

Akasema anampeleka Kanja akaombewe. Salesio alikubali kwa shingo upande, akilalamika nani atampikia.

Nikangoja habari. Kimya. Nikipiga simu, haipokelewi. Mwishowe nikafunga safari mwenyewe, nikafika Kanja jua likielekea kuzama. Uwanja ulikuwa umefagiliwa ukang'aa. Ciakuthii alikuwa ameketi kwenye kigoda na ungo wa maharagwe mapajani, anachagua mawe. Alikuwa amenona. Nyuma ya nyumba mtu alikuwa anapasua kuni, na ubani ulikuwa unafuka kutoka jikoni.

Nikachuchumaa karibu naye. "Mama, yule si..."

"Usiniambie." Aliinua mkono. "Mimi ndiye nilimzaa. Nilijua ile siku ya kwanza, nikimshika uso."

"Sasa mbona umekaa naye?"

Aliendelea kuchagua mawe. "Ciku yangu alikuwa ananipigia simu akiwa kwa gari, ndio network ikatike. Krismasi alikuwa anatuma mtu alete sukari. Huyu ananiosha miguu kila jioni, Mwalimu. Kwa maji moto. Ananiuliza mambo ya zamani. Nilizaliwa wapi, mto unaitwaje, mama yangu alikuwa anaimba nini. Anataka kusikia yote. Hakuna mtu aliwahi kuniuliza."

"Na wewe unamwambia?"

"Namwambia yote. Anafurahi sana."

Nilitaka kusimama. Nikakumbuka lile swali la dukani: Utamlisha? Nyuma ya nyumba, shoka lilikuwa limenyamaza.

Ciakuthii akachota kiganja kimoja kutoka kwenye ungo, akanionyesha. Njahi mpya, maharagwe ya kwao, nyeusi ti, kila moja na mstari wake mweupe. Alikuwa amezipanda, amezivuna, amezipika tangu awe msichana.

"Nitakupa ubebe," akasema. "Zimetoka nyingi mwaka huu, hizi... hizi..."

Akakwama hapo. Akazigeuza kwa kidole gumba. Akatabasamu kidogo, kama mtu aliyesahau jina la mgeni.

"Njahi," nikamwambia.

"Eeh?" akaniuliza kwa upole. "Umesemaje, mwanangu?"