Dawa Mbili za Kengele

Sokoni walimwita Kengele. Akinadi mashati ya mitumba, hata wauza samaki upande wa pili walimsikia. Sasa saratani ya koo ilikuwa imemrudia na kufika mapafuni. Sauti ilikwaruza. Mawifi zake walikuja nyumbani, wakaanza kulia.

"Msiba wa mtu aliye hai?" akawauliza. "Kama ni kulia, kalieni kwenu."

Hospitalini alipewa dawa mbili kwa pamoja: kemo na dawa ya kuamsha kinga ya mwili. Baada ya wiki kadhaa akaanza kuharisha. Akanywa vidonge vya dukani, akanyamaza. Mnadi hataji kasoro ya shati, maana mteja akiijua, bei inashuka. Kengele aliogopa kwamba daktari akijua, atamkatizia dawa.

Lakini mumewe, fundi cherehani, si mtu wa kufungwa macho.

"Mke wangu, mbona huachi kwenda chooni?"

"Unanipeleleza?"

"Ndiyo. Vaa viatu, twende hospitali."

Muuguzi aliwasikiliza mpaka mwisho.

"Dada, mficha maradhi kifo humfichua," alisema. "Kemo inaua chembe za saratani. Hii nyingine inaamsha kinga yako, kwa sababu saratani ina hila ya kuilaza. Wagonjwa wengine zikiwaingia pamoja, zinaibana saratani vizuri zaidi. Ila kinga ikichachamaa, inaweza kukugeukia mwenyewe: utumbo, mapafu, ini."

"Kwa hiyo mnaninyima dawa?"

"Tunaisimamisha kwanza, tunakupa ya kuituliza kinga. Ukiwahi, mara nyingi tunaendelea. Ukichelewa, huenda usiipate tena. Kuharisha, kikohozi, kuishiwa pumzi, vipele, homa: usingoje siku ya kliniki. Njoo siku hiyohiyo."

Kengele alijikasirikia. Nusura aipoteze dawa aliyokuwa akiipigania.

Tumbo lilipotulia, matibabu yakaendelea. Tangu hapo hakusubiri kuulizwa.

"Nina vidonda mdomoni. Kipele mgongoni. Na mume wangu anakoroma."

"Hilo la mwisho hatuna dawa yake," muuguzi akajibu.

Miezi ikapita. Daktari akaiangalia picha mpya ya mapafu, akaiangalia tena.

"Uvimbe umesinyaa sana, mama. Lakini haujaisha."

"Na mimi sijaisha," akasema Kengele, kwa sauti ileile ya kukwaruza, na watu waliokuwa wakingoja nje ya mlango wakamsikia.