Nilimfundisha Mwanangu Kunikana

Nina miaka thelathini na sita, mzaliwa wa Tanga, na huu ni mwaka wa tisa niko Johannesburg. Jina langu la kweli nalihifadhi, niiteni Salma. Mkinilaani mtakuwa na haki, ila nisomeni kwanza mpaka mwisho.

Nafanya kazi Fordsburg, kwenye duka la vitambaa la mama mmoja wa Kihindi. Sote tunamwita Khala, yaani mama mdogo kwa lugha yao. Mgeni akishushwa mtaa ule ataapa yuko Bombay au Karachi! Huku Mpakistani anakaanga sambusa, kule Mbangladeshi anauza simu, na fundi wetu Mzulu anahesabu mita kwa Kigujarati. Nilipapenda. Nilidhani mahali watu wanapoishi hivyo hapawezi kunidhuru.

Nyumbani kwangu ni Bellevue, nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba kwa mbao. Chumba cha pili alikaa Esperance, msusi kutoka Bukavu, mlokole wa kushinda kanisani Jumapili nzima. Hakuwa na mtoto. Mimi Mwislamu, yeye Mkristo, na wala hatukuona shida. Idi alikula pilau kwangu, Krismasi nilikula kwake. Jiko letu moja, sabuni moja, hata viatu tulivaliana.

Mwaka 2015 nikashika mimba. Baba mtoto aliaga anakwenda Cape Town kutafuta kazi... hadi leo anaitafuta! Mwaka huohuo mjini kulizuka fujo za kufukuza wageni. Mimi sikuwa na karatasi yoyote. Wakongo, kwa ajili ya vita vya kwao, walikuwa na karatasi za ukimbizi. Sisi wa Tanzania nani atupe? Niliogopa hospitali kuliko uchungu wenyewe.

Esperance ndiye aliyenitoa hofu. "Kamata karatasi yangu, dada, wende nayo," akaniambia. "Ile picha ni ya zamani. Banatuonaka siye bote sura moja!"

Tukacheka. Mungu wangu, tukacheka!

Msishangae. Katika nyumba yetu karatasi ziliazimwa kama mtu anavyoazima mchi. Huyu anakwenda nayo kliniki, yule anaombea kazi, jioni inarudi kwa mwenyewe. Nani angefikiri kwamba azima yangu mimi haitaisha jioni?

Nikajifungua mtoto wa kike, mzima, ana nywele tele. Kwenye cheti mama ni Esperance, na mtoto ni Gracia, maana jina la Kiislamu lingezua maswali. Nyumbani nikamwita Zuhura, jina la marehemu mama yangu.

Nilipomsimulia Khala, aliweka mkasi chini. Akaniambia vyote huazimwa ila tumbo haliazimwi, nikarekebishe kile cheti kabla mtoto hajaota meno. Nikaitikia. Meno yakaota, nami sikwenda. Kurekebisha maana yake ni kukiri, na kukiri niliona ni jela na kurudishwa Tanga mikono mitupu. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi nilizaa, halafu nikaficha!

Zuhura alikulia chini ya meza ya kukatia vitambaa. Alimwamkia Khala kwa Kiurdu, akagombana na fundi kwa Kizulu, na mimi nikimsemesha Kiswahili anaelewa vizuri lakini ananijibu kwa Kiingereza. Alikuwa mtoto wa wote. Wateja walimpokezana, nami nikijivuna.

Kumbe kuna aliyekuwa akihesabu miaka yake kimyakimya...

Kwanza Esperance alianza kumpeleka kanisani. Halafu akapiga naye picha, wawili tu, akaitundika ukutani. Cheti akakitia ndani ya sanduku lenye kufuli. Nilipokiomba aliniambia ni cha jina lake, mimi nitakifanyia nini? Kisha siku moja, uani, mbele za watu, aliniita Salma. Siku zote alikuwa ananiita Mama Zuhura. Kwetu jirani hamwiti mwanamke aliyezaa kwa jina lake tupu. Nguo nilizokuwa naanika zikanidondoka mikononi. Nikaziokota, nikaendelea kuanika. Kwa nini sikusema hapohapo?

Mwaka 2018 Esperance aliitwa na ofisi ya wakimbizi kwa habari ya faili lake. Kulikuwa na nafasi ya kupelekwa Kanada, yeye na mtoto wake. Mtoto wake!

Alipiga magoti chumbani kwangu, analia. Alisema ukweli ukijulikana tutafungwa wote, na Zuhura atapelekwa makao ya watoto. Lakini tukipita, mtoto atapata karatasi halali, atasoma, halafu mimi nitavutwa nyuma yao. "Nitakuita, ndugu yangu. Mungu ni shahidi."

Nikamwamini. Hapana, niseme kweli. Sikumwamini sana, ila nilitaka Kanada.

Kwa hiyo nikaugeuza uongo ule kuwa mchezo. Kila alasiri nilimketisha Zuhura juu ya marobota ya vitambaa nikamuuliza, "Mama yako nani?" Akisema "wewe", hapati kitu. Akisema "Maman Esperance", anapata chokoleti. "Na mimi nani?" "Anti Salma." Nilimwambia tukishinda mchezo, mwisho wake nitakuja kumchukua tutembee kwa ndege. Khala alinisikia siku moja. Akatoka nje, akaniacha na chokoleti mkononi.

Siku ya mahojiano nilikwenda kama yaya. Nilisema kwa mdomo wangu kwamba mimi ni yaya, nikatia sahihi. Afisa, mama mpole tu, akainama akamuuliza Zuhura mama yake ni yupi.

Mtoto alinitazama mimi...

Nikamtupia jicho. Wanawake mnalijua jicho lile, la kumwambia mtoto fanya kama tulivyosema. Akanyanyua kidole akamwonyesha Esperance. Afisa akaandika.

Baada ya hapo nilikuwa nikiuliza safari lini, najibiwa bado. Jumanne moja ya mwaka huu, siku niliyomwachia Esperance mtoto, nilirudi kutoka kazini nikakuta mlango wa Esperance wazi, chumba kimefagiliwa. Kwangu nguo za Zuhura hazipo. Mama wa Kizulu wa chumba cha mbele alinitazama kwa huruma. "Eish, sisi!" akasema, yaani dada kwa lugha yao. "Gari liliwachukua saa nne asubuhi. Mtoto alikuwa anacheka. Nilidhani unajua."

Nilipiga ukunga. Nilipiga simu mpaka ikazima. Majuma manane yakapita bila neno.

Kisha Esperance akapiga, mara moja tu, kwa video. Akasema mtoto ana afya, nisiwasumbue, simu hiyo ndiyo jambo la mwisho atakalonitendea. Akampa simu. Zuhura alikuwa amevaa koti zito jekundu.

"Hallo, anti Salma," akasema kwa sauti ya juu.

Akausogeza mdomo karibu na simu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaninong'oneza Kiswahili, kile cha kuungaunga.

"Mama, nasema muzuri? Sasa unakuja?"

Simu ikakatwa. Namba ile haipatikani tena.

Khala alinipeleka kwa wakili. Wakili anasema kipimo cha damu kinaweza kusaidia, lakini lazima kwanza nikiri yote, ya hospitali na ya ofisini. Nimekiri. Huenda nikafukuzwa nchi hii kabla shauri halijafika popote, na sina hakika kama kule ng'ambo kuna atakayenisikiliza. Sahihi yangu mwenyewe inasema mimi ni yaya.

Dada zangu mlioko ugenini, nawasihi! Mkiwa na mimba na hamna karatasi, ingieni hospitali kwa jina lenu, hata kama mnatetemeka. Wakuulize, wakutukane, wakurudishe kwenu, lakini mtoto utarudi naye mgongoni. Msiazime jina. Na mtoto akikuita mama mbele ya watu, hata uwe na hofu gani, mwitikie. Mimi wangu aliniita kwa macho, nikamwonyesha mtu mwingine.